Makopo Bubu

Watu waliliita benki ya chakula, ingawa hakuna aliyewahi kuweka akiba humo. Lilikuwa ghala refu nyuma ya gereji, lenye rafu za chuma na harufu ya maboksi yaliyolowa. Msimamizi wake aliitwa Mama Funguo, kwa ajili ya funguo zilizomning'inia shingoni, na wanaojitolea walimwogopa kuliko mtihani.

Aliyesifiwa zaidi kati yao alikuwa msichana mmoja wa chuo. Jumamosi hakosi, mvua inyeshe isinyeshe.

"Huyu kalelewa," walisema watu wa foleni. Yeye aliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Ukweli ni kwamba alifuata makopo bubu. Ndivyo walivyoyaita makopo yaliyobanduka lebo. Sheria ya ghala ilikataza kumpa mtu wa foleni chakula kisichojulikana ni nini, kwa hiyo jioni Mama Funguo aliwagawia makopo hayo wanaojitolea.

Kwao msichana, tangu baba azikwe, sufuria zilikaa ukutani kama mapambo. Mama hakuwa na hamu ya kula, na hata kama hamu ingekuja, ingelikuta kabati tupu. Ukimtajia foleni ya msaada, alikuja juu.

"Sisi hatujafika huko! Unataka baba yako aaibike hata kaburini?"

Lakini kopo bubu halikuwa msaada. Lilikuwa asante ya kazi. Lile la kwanza mama alilishika, akalitikisa karibu na sikio, kama baba alivyokuwa akitikisa kila kifurushi kabla ya kukifungua.

"Maharage," akasema.

Yalikuwa mananasi. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akala nusu kopo. Kicheko hicho kilikuwa hakijasikika ndani ya nyumba ile tangu kabla ya msiba.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na kopo bubu hata moja. Msichana akalowesha kitambaa kwa maji ya moto, akajibanza nyuma ya rafu, akatengeneza mawili. Wiki iliyofuata akatengeneza manne. Jioni alijifanya anabahatisha, akakosea makusudi.

"Hizi ni njegere, mama."

"Njegere wapi! Masikio ya chuo hayo."

Yalikuwa mapichi, na alijua tangu asubuhi.

Makopo yakazidi. Mashavu ya mama yakajaa kidogo, na pamoja na mashavu ikaja huruma. Akaona si vizuri kujilimbikizia huku wengine wana njaa. Jumamosi moja akavaa gauni lake la heshima, akaja ghalani na mfuko.

Msichana alikuwa kwenye rafu, kitambaa mkononi, alipoisikia sauti ya mama yake mlangoni.

"Binti yangu anafanya kazi hapa. Nimewaletea maskini wa watu hicho kidogo tulichojaliwa."

Mama Funguo akatoa kopo moja. Akapitisha kidole pale gundi ilipobaki. Akatoa la pili, akatoa la tatu. Yote yalikuwa yamebanduliwa vizuri, bila hata kipande cha karatasi kilichochanika. Akamtazama msichana. Akakitazama kitambaa.

Msichana akakificha nyuma ya mgongo. Kufukuzwa angekuvumilia. Lakini neno moja tu la Mama Funguo, na mama angejua kwamba wiki zote hizo alikuwa akila msaada, tena wa kuibiwa. Asingetikisa kopo tena.

"Mungu akubariki, mama," Mama Funguo akasema. "Watu wa namna yako ni wachache. Ila sheria hainiruhusu kugawa makopo bubu. Lazima yarudi kwa wanaojitolea."

Akamrudishia mfuko.

"Sheria gani hiyo ya kuwanyima maskini?" mama alilalamika, huku akiukumbatia mfuko. Akaondoka akitikisa kichwa, na kwenye kona akatoa kopo moja, akalitikisa nalo.

Mama Funguo akasubiri mpaka apotee, ndipo akaja kwenye rafu na kumnyang'anya msichana kitambaa.

"Kuanzia leo utakuwa kwenye viazi."

"Viazi, Mama?"

"Havina lebo."

Alipiga hatua mbili, akageuka, funguo zikalia shingoni.

"Vilivyoota hatumpi mtu. Jioni utabeba wewe. Na ole wako nikukute unaviotesha!"