Sinia la Karani

Walibaki wanawake wawili na paka mmoja. Fundi cherehani alikuwa na mwaka mmoja tangu afiwe na mume. Bibi wa chumba cha nyuma alikuwa mama mkwe wake. Paka, aliyeitwa Karani kwa kupenda kulalia makaratasi, alikuwa wa marehemu.

Marehemu aliumwa tumbo siku tatu, ya nne akazikwa. Walimwengu hawana dogo. Mawifi walianza kwa kunong'ona, kisha wakasema waziwazi kwamba mke alimtilia kitu kwenye chakula. Mama mkwe ndiye aliyewanyamazisha.

"Huyu hawezi kuua hata sisimizi," aliwaambia. "Asiyeamini asikanyage tena hapa."

Hawakukanyaga. Tangu hapo fundi aliishi na bibi yule kwa shukrani na kwa woga, maana alijua hana mwingine.

Mvua zilipoanza, sisimizi wakaingia kwenye ufa chini ya dirisha la jiko na kwenda moja kwa moja kwenye bakuli la Karani. Bibi alikuwa na ujuzi wake wa tangu ujana: bakuli unaliweka katikati ya sinia lenye maji, na sisimizi hawavuki. Maneno matupu. Wa kwanza walizama, waliofuata wakapita juu ya maiti za wenzao, na asubuhi nyama ilikuwa nyeusi tii. Karani akasusa. Akawa analia mlangoni kwa bibi, na bibi analia naye.

Fundi akasema liwalo na liwe. Akanunua dawa ya wadudu, akamimina vifuniko viwili kwenye maji ya sinia. Tusimwonee: alifikiri kwanza. Dawa haikugusa chakula, na Karani hakuwahi kunywa maji ya chombo tangu azaliwe. Alikunywa ya bomba tu, na fundi ndiye aliyemfungulia, bwana mkubwa huyo. Bibi hakuambiwa. Kutaja sumu ndani ya nyumba ile kulikuwa mtihani.

Siku mbili jiko likawa safi. Siku ya tatu fundi akatoka kupeleka sare za wateja.

Aliporudi mchana alimkuta bibi sakafuni jikoni, Karani mapajani mwake, amekakamaa, povu limemkaukia mdomoni. Sinia lilikuwa tupu.

"Mwanangu, nimemuua," bibi alisema. "Nilimwona amekonda, nikampa samaki mkavu. Sikumloweka, na chumvi yote ile! Kiu ikamshika, nawe hukuwepo kumfungulia bomba. Akanywa maji ya sisimizi mpaka yakaisha. Nikasema afadhali, anywe. Mara akaanza kutapatapa."

Fundi akachuchumaa kando yake. Alikuwa na neno mdomoni: ni dawa yangu, mama. Lakini aliona mawifi wakirudi wote. Aliona uso huu, wa pekee uliomwamini, ukigeuka taratibu kutoka kwa paka na kumkumbuka mwana aliyezikwa. Aliogopa, aliogopa kuliko siku ya msiba.

"Wewe umesoma," bibi akasema. "Niambie kweli, usinionee huruma. Ni chumvi?"

Fundi alimtazama paka.

"Ni chumvi, mama."

Bibi akatikisa kichwa muda mrefu. Machozi yalimtoka bila sauti, yakadondokea manyoya ya Karani.

"Basi mkono huu usishike tena chakula cha kiumbe," alisema. "Tulikuwa tunapokezana jiko, leo nimeacha. Utapika wewe peke yako, mwanangu, nami nitakula chochote utakachonipa."

Walimzika Karani nyuma ya nyumba. Halafu fundi akanawa mikono, akanawa tena, akapika uji. Bibi aliupokea kwa mikono miwili, akaumaliza wote, akamshukuru. Fundi hakuweza kumtazama.