Mvinyo wa Karamu Nisiyoalikwa

Mteja akiingia dukani kwangu akaniuliza mvinyo upi ni mzuri, simjibu. Namuuliza yeye: mnakula nini, mko wangapi, na nani atakaa mezani? Nikishayajua hayo, kazi imekwisha. Wengine huona nawahoji kama polisi. Wanaondoka wamenuna, wiki inayofuata wanarudi.

Binti yangu anaujua utaratibu huo tangu alipokuwa akifanyia kazi zake za shule nyuma ya kaunta. Kwa hiyo aliponijia mwezi uliopita akitaka mvinyo wa karamu ya ofisini kwao, majibu alikuwa nayo tayari. Bosi wao anastaafu. Watu thelathini, chakula cha mchana, kwenye bustani ya mgahawa ulio karibu na duka langu. Kutakuwa na samaki, kuku wa kuoka, mbuzi wa kuchoma, mboga zenye pilipili, na keki mwishoni. Alitaka aina tatu tu, zisizogombana na chochote.

Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda. Kumchagulia mtu mvinyo wa sahani moja ni rahisi. Kuchagua utakaokwenda na samaki wa huyu na mbuzi wa yule, meza ileile, hapo ndipo diploma yangu ya hoteli inapofanya kazi. Nikamtolea mweupe usio na utamu, wenye uchachu wa kutosha, maana uchachu huo humfanyia samaki kazi ileile ya ndimu. Nikamtolea wa rangi ya waridi kwa ajili ya pilipili, kwa sababu mvinyo mzito ukikutana na pilipili, mdomo unawaka mara mbili. Ukabaki mwekundu.

"Mgeni mkuu ni mtu wa namna gani?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo. Akasema ni baba wa miaka hamsini na kitu, mpenda nyama, ila tumbo lake halitaki kitu chenye ukakasi.

Nikacheka, nikamwambia wanaume wa aina hiyo nawajua, niliwahi kuolewa na mmoja. Yeye hakucheka. Nikadhani ana haraka. Nikachagua mwekundu mwepesi, laini, nikamwelekeza auweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuumimina, hapo utaelewana hata na kuku. Chupa nilizipakia mwenyewe, nikazifunga magazeti zisigongane. Akanikumbatia muda mrefu kuliko kawaida yake.

Jumanne iliyopita akaingia Chumvi. Ni mpishi wa mgahawa ule na mteja wangu wa siku nyingi. Jina hilo alilipata kwa kosa moja ambalo watu wamekataa kulisahau. Alikuja kuulizia ule mwekundu mwepesi. Akasema katika miaka yake yote jikoni hajaona mvinyo uliokubaliwa na meza nzima namna ile. Mama mmoja aliyeapa kwamba hanywi aliomba aonje tu, akaonja mara nne.

"Halafu hongera, Mama Chupa," akasema. "Binti alipendeza. Na wewe presha imeshuka? Afadhali nakuona umesimama."

Nikamuuliza presha gani.

Chumvi akarudi kuulizia bei ya ule mwekundu. Nikamwambia aseme, kwa sababu nitajua tu. Akasema huku akiangalia chupa za kwenye rafu. Hapakuwa na bosi wala kustaafu. Binti yangu alifunga ndoa kwa msajili asubuhi ile, na karamu ilikuwa yake. Meza ya mbele alikaa baba yake, mtalaka wangu. Pembeni yake, kwenye kiti cha mama, akakaa mke wake mpya. Wakwe walipouliza mama mzazi yuko wapi, waliambiwa presha imempanda, yuko kitandani, ila ametuma mvinyo kwa upendo wote. Watu wakapiga makofi.

Wakati wanapiga makofi, mimi nilikuwa juu ya ngazi hapa dukani, nafuta vumbi. Presha yangu ni ya msichana wa miaka ishirini. Bwana harusi namfahamu, amekula kwangu mara mbili, na niliambiwa ndoa ni mwakani.

La kiti ningelimeza. Kilichonikwama kooni ni ule mwekundu. Nilimchagulia yule bwana mvinyo wa tumbo lake, kwa uangalifu wote, kama mkewe. Na binti yangu alisimama palepale kaunta akiniangalia.

Nikampigia. Akaja saa kumi jioni, pete kidoleni. Angalau hakuivua mlangoni. Alianza kwa kulia. Nikamwacha amalize, nikamhudumia mteja mmoja. Kisha akaeleza: baba yake alisema kama nitakuwepo, yeye hakanyagi, naye alitaka baba yake amkabidhi kwa mumewe. Halafu ulimi wangu anaujua. Ningemwambia yule mwanamke neno mbele ya wakwe.

"Ningemwambia," nikakubali. "Neno moja, nikakaa. Ungeniambia, mama, usije, ningenuna mwezi mzima, na mvinyo ningekuchagulia vilevile. Kwa nini ulikuja kwa uongo?"

"Nilitaka kitu chako kiwepo, mama."

"Mimi nilikuwepo. Hapa. Mwendo wa dakika kumi."

Akainama, akauliza afanye nini. Sipendi machozi yasiyo na kazi, nikampa kazi. Nikamwambia ampigie mama mkwe wake sasa hivi, mbele yangu, aseme hivi: "Mama hakuwa mgonjwa, mimi ndiye sikumwalika."

Akatoa simu. Akalitafuta jina, nikaliona kwenye kioo: Mama, na ua jekundu pembeni. Kidole kikasimama juu yake. Akasema watamwonaje, na ndoa bado mbichi. Akaomba aliseme baadaye, taratibu, akishazoeleka. Kwa sasa tuseme nimepata nafuu, halafu nije Jumapili kwa wakwe kujitambulisha, na mvinyo nichague mimi.

Yaani nipone ugonjwa ambao sikuugua.

"Siku utakapopiga simu hiyo nitakuja, hata kwa miguu," nikamwambia. "Kabla ya hapo, usinitafutie kiti kwa watu."

Akairudisha simu kwenye mkoba. Alisimama kidogo, labda akingoja nimwite mwanangu. Sikumwita. Akatoka.

Jumapili ikaja, nikala mkate na mayai, nikalala mchana kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Nilikuwa naiweka simu karibu, sitaki kudanganya.

Jumatatu asubuhi ujumbe ukaingia, wa mkwe wangu. Alisikitika kusikia presha imepanda tena, ndiyo maana jana sikufika. Mama yake alikuwa amepika kwa ajili yangu. Wote wananiombea nipone haraka.

Niliusoma nimesimama kaunta, kreti mbili miguuni zikingoja kupangwa. Binti yangu hakupiga simu niliyomwambia. Alipiga nyingine.