Daftari la Mirija

Daktari aliisukuma kamera mbele kidogo, akaigeuza, akairudisha nyuma, kisha akatulia. Kwenye skrini, tumboni mwa dereva wa lori aliyelala kwa ubavu, kulitakiwa kuonekana mrija mfupi wa chuma. Badala yake vilionekana vijimkia viwili vya plastiki vilivyojikunja.

"Huyu tulimwekea nini?" aliuliza bila kugeuka.

Muuguzi aliyesimama kando ya kitanda alijibu kuwa ni chuma. Ndivyo daftari lilivyosema, na daftari lilikuwa lake. Kitengo kizima kilimwita Mama Daftari, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Kila mgonjwa aliyejaa maji kuzunguka kongosho, akatobolewa ukuta wa tumbo kwa ndani na kuwekewa mrija ili maji yale yamwagikie tumboni, alikuwa na ukurasa wake humo, na kwenye ukurasa huo ilibandikwa stika iliyotoka kwenye pakiti ya mrija wake. Daktari mwenyewe aliandika ripoti zake jioni kwa kunakili humo. Kilichobandikwa na Mama Daftari hakikuhojiwa, na hapo ndipo walipokosea wote, ila yeye zaidi.

Alivitazama vile vijimkia, akaanza kuhesabu. Siku ile, wiki saba nyuma, mirija waliwekewa watu wawili tu. Mmoja ni dereva huyu, aliyetakiwa kurudi kabla ya wiki nne, safari zikamchelewesha. Wa pili ni shemeji yake, mume wa mdogo wake. Kama plastiki iko hapa, basi chuma kiko kule.

Plastiki inaweza kukaa miezi bila kumsumbua mtu. Chuma hakisubiri. Kifuko cha maji kikishakauka, ukuta wake wa nyuma husogea mpaka ukaguse chuma, nacho huanza kuukwaruza, na nyuma ya ukuta huo kuna mishipa ya damu. Ndiyo maana hutolewa kabla ya wiki nne kwisha. Shemeji aliambiwa arudi baada ya miezi mitatu, na aliyemwandikia karatasi hiyo ni yeye.

Alikumbuka yote hata kabla kamera haijachomolewa. Kawaida yao, anayefungua pakiti hubandika stika ukingoni mwa toroli, ya mgonjwa wa kwanza juu, ya wa pili chini yake, na mwisho wa siku yeye huzihamishia daftarini. Siku ile hakuwamo chumbani, kwa sababu utaratibu haumruhusu muuguzi kumhudumia ndugu. Alikuwa kwenye korido, kamshika mdogo wake mkono. Shemeji alikuwa wa kwanza kwenye orodha, lakini akakiri kwamba asubuhi alikunywa chai, "kikombe kimoja tu, tena kidogo," wakamsogeza nyuma na dereva akatangulia. Mama Daftari alilijua hilo, hata alimcheka. Jioni, kwa furaha ya kuona mtu wao amevuka salama, alizibandika stika kwa kufuata orodha kama afanyavyo siku zote. Mazoea yana taabu.

Alimweleza daktari palepale. Daktari hakufoka, na hilo lilimtisha zaidi. Alisema chumba kitakuwa tayari ndani ya saa moja, damu iandaliwe, daktari wa usingizi abaki.

"Kamlete," alisema. "Asinyanyue kitu, asile kitu."

Alipiga simu mara sita, ikaita mpaka ikakata. Karakana ya shemeji ilikuwa mtaa wa nne kutoka hospitali, akaenda kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia, na sare zake za kazi na viatu vya plastiki vya chumbani ambavyo haviruhusiwi kuvuka mlango. Watu walimpisha njia. Alikuwa akijiambia kwamba wiki saba si nyingi, kisha anajijibu kwamba ni nyingi sana.

Karakana ilinuka gundi na cherehani ilikuwa inanguruma, ndiyo maana simu haikusikika. Shemeji alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, misumari midogo ameibana midomoni. Alipomwona aliitema kiganjani, mmoja mmoja.

"Karibu, shemeji. Umekuja kulipima na kochi?"

Mama Daftari hakucheka. Aliiona ile midomo jinsi ilivyopauka, na jasho lililomtoka mtu aliyepiga magoti tu. Akamuuliza choo chake kikoje. Shemeji akasema makubwa haya, hata mkewe hajawahi kumuuliza hayo. Alipobanwa akasema kimekuwa cheusi tangu juzi, lakini si ajabu, ni vile vidonge vya kuongeza damu. Na kizunguzungu? Kidogo, akiinama.

Alimwambia waondoke sasa hivi. Shemeji akakataa. Mwenye kochi anakuja saa nane, na mkono mmoja wa kochi bado uko uchi. Akatoa pochi, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua kwa madaha.

"Miezi mitatu. Mwandiko wako huu. Baada ya ile chai, mimi sasa ni mtu wa kufuata karatasi."

Uongo ulishamjia ulimini: aseme daktari anasafiri, au kuna kipimo kipya. Lakini alimjua shemeji yake, uongo angeujadili mpaka kesho, na kesho inaweza isiwepo. Akapiga moyo konde.

"Karatasi hiyo si ya kweli. Nilikosea mimi. Ulichonacho tumboni ni chuma, na kinakukata."

Mzaha ulimtoka usoni. Aliitazama misumari kiganjani, akaimwaga juu ya meza, akainuka, na ikambidi alishike kochi ili asianguke. Njiani, kwenye gari la jirani lililonuka rangi, alimpigia mkewe na kumwambia kwamba kachanganya tarehe ya kurudi hospitali, asiwe na wasiwasi. Kisha akafumba macho.

"Liishie hapo," akamnong'oneza Mama Daftari. "Mdogo wako asijue."

Muuguzi mwenzake alikuwa likizo, kwa hiyo utaratibu wa ndugu ulivunjwa. Daktari alimuuliza kama ataweza. Akalisogeza toroli karibu na kitanda.

Kwenye skrini, mdomo wa chuma ulionekana mara moja, na bonge jeusi la damu limeukalia. Daktari aliusafisha kwa maji, akaunasa ukingo kwa kitanzi cha waya, akavuta polepole. Ukagoma, akavuta tena. Ukatoka, na skrini nzima ikawa nyekundu.

Daktari wa usingizi akataja presha: tisini. Maji zaidi. Themanini. Daktari akaomba kibanio, Mama Daftari akampa. Kibanio cha kwanza kiliteleza. Cha pili kikashika, damu ikatokea pembeni. Sabini na mbili. Hakumtazama aliyelala kitandani, kwa sababu alijua akimtazama atamwona baba wa watoto wa mdogo wake. Alitazama mkono wa daktari tu. Cha tatu kikashika. Cha nne. Maji yakarudi meupe, na wote watatu wakayatazama dakika nzima, kama wekundu utarudi.

"Ilikuwa ukingoni," daktari alisema hatimaye. "Wiki moja zaidi, ingekuwa mshipa mkubwa."

Kifuko kilikuwa kimenywea kabisa. Aliacha mrija mmoja wa plastiki ili njia isizibe maji yakarudi, akavua glavu, akamgusa Mama Daftari begani. Alisema jambo hili wanalijua wao tu.

Mdogo wake alikuwa kwenye korido, mwalimu wa darasa la tatu, vidole bado vina chaki. Aliposikia mumewe yuko hai alilia kidogo, kisha akaanza kumsema: kwanza chai, sasa tarehe, mwanaume huyu atamzeesha kabla ya wakati. Aliushika mkono wa dada yake kama siku ile.

Uongo wa shemeji ulikuwa mlango wa kutokea, wazi kabisa. Mama Daftari alitamani kuupita. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini unaweza kufichwa.

"Hakukosea tarehe," alisema. "Stika yake niliibandika kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Ni mimi."

Mkono ukatoka mkononi mwake taratibu. Mdogo wake akauliza mumewe ana nini tumboni sasa hivi.

"Plastiki."

"Nani kasema?"

Stika ya mrija mpya ilikuwa bado kwenye kidole cha shahada cha Mama Daftari, alikoibandika pakiti ilipofunguliwa ili isipotee tena. Akakinyoosha kidole. Mdogo wake akaibandua, akaibandika kwenye daftari lake la shule, akachomoa kalamu nyekundu.

"Nisomee namba zake. Taratibu, naandika mwenyewe."

Mama Daftari akasoma tarakimu moja baada ya nyingine, na mdogo wake akaandika zote bila kumtazama usoni.