Redio Yetu ya Krismasi

Mkurugenzi wetu alirudi kutoka kwenye semina akiwa na begi jipya, kadi ya jina shingoni ambayo hakuivua wiki nzima, na jambo moja alilolisikia huko. Kwamba zipo nchi ambako redio ikianza kupiga nyimbo za Krismasi mapema, tangu mwezi wa kumi na moja, wasikilizaji wanamiminika. Hakuuliza ni nchi gani, wala hao wanaomiminika wanatoka wapi. Alituita kwenye chumba cha mikutano, ambacho siku nyingine zote ni stoo ya viti vibovu, akatutangazia kwamba kuanzia Jumatatu sisi ni redio ya Krismasi.

"Lakini Krismasi bado, bosi," alisema fundi mitambo, ambaye ana tabia mbaya ya kujua tarehe.

"Ndiyo maana ya kuwahi. Jirani zetu wakizinduka, wasikilizaji wote wako kwetu."

Jirani ni redio ya ghorofani ng'ambo ya barabara, ambayo kazi yake ni kubishana mpira tangu asubuhi. Mkurugenzi akiona antena yao dirishani hupandwa na shinikizo la damu.

Mimi nilikuwa na kipindi cha matangazo, saa za chakula cha mchana. Vitambulisho vilivyookotwa, mikutano ya wazazi, mbuzi walioonekana mara ya mwisho wakielekea sokoni, na vifo. Hayo mengine watu waliyavumilia tu. Walichokuwa wakingoja ni vifo. Nikifika hapo, gereji nyundo zilitua, jikoni mwiko ulisimama, na huko machimbo ya mawe, mlimani, ambako simu hazishiki, wanaume walikaa kimya kuzunguka redio moja ili wajue nani katutoka na anazikwa lini. Mtaani wananiita Mama Msiba. Nikiingia saluni, wanawake wanashika vifua kabla sijasalimia. Sijivuni, lakini hakuna mtangazaji wa mpira anayesikilizwa hivyo.

Mkurugenzi alikuwa amenifikiria na mimi.

"Mtu anasikiliza kengele, moyo mweupe, anapanga kununua zawadi," aliniambia. "Halafu wewe unaingia na marehemu. Unamkata stimu. Wenye maduka wanaotuletea matangazo yao ya biashara hawataki kukaa karibu na maiti."

"Sasa watu wakifa?"

"Wafu wasubiri Januari. Wao hawana haraka."

Chumba kizima kikacheka, maana aliyesema ndiye anayesaini mishahara. Na mimi nikacheka, shingo upande. Nikaachiwa vitambulisho na mbuzi, kwa sharti kwamba nivisome kwa uchangamfu. Basi nikawa natangaza kupotea kwa pochi ya mtu kwa sauti ya aliyeshinda bahati nasibu.

Nyimbo zenyewe zililetwa kwenye kidubwasha cha kuchomeka kwenye kompyuta. Zilikuwa chache, ila kila mmoja uliimbwa na watu tofauti, ili usichoke. Nyingi zilisifia theluji. Sisi tulikuwa chini ya bati, feni imekufa tangu mwaka juzi, jasho linatiririka mpaka kwenye kipaza sauti, na tunasifia theluji. Fundi mitambo aliipanga kompyuta ijipigie yenyewe, usiku na mchana, akaanza kuja kazini na pamba masikioni.

Simu ya mapokezi ikaanza kulia bila kupumzika. Mkurugenzi akipita na kuisikia alitabasamu mpaka jino la nyuma.

"Mnaona? Watu wamefurahi."

Alichokisikia ni mlio. Aliyekuwa akisikia maneno ni binti wa mapokezi, na maneno yalikuwa mengine. Mmoja aliuliza kama mitambo imekwama. Mzee mmoja aliuliza, kwa adabu sana, kama inawezekana alipitiwa na usingizi mwezi mzima. Mwanamke mmoja hakuuliza chochote, alitukana tu kisha akaomba radhi kwa sababu alikuwa na mkwewe karibu. Binti alikuwa ameagizwa awajibu wote kwamba tunawashukuru kwa kuwa nasi katika msimu wa furaha, na akawajibu hivyo hivyo, mpaka na yule wa matusi. Baada ya muda simu zikapungua, kisha zikanyamaza. Mkurugenzi akasema wasikilizaji sasa wametulia, wanaburudika.

Mimi nilishajua, kwa sababu nyumbani kwangu yupo mama mkwe. Miaka yote alikuwa akinisikiliza bila kukosa, na jioni ananisahihisha majina ya koo za watu. Siku moja nikarudi mapema, nikakuta redio yake inabishana mpira.

"Mama, unasikiliza jirani?"

"Mimi? Ilikuwa kwenu sasa hivi. Kale kamshale kamesogea kenyewe."

Mama mkwe hajui goli linafungwaje. Alinikwepa macho, akaniuliza kama nimekula. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, kama nisingekuwa nalipwa na redio hiyo, ningesogeza huo mshale.

Mwezi wa kumi na mbili ulipoingia, akaja mwanamke mmoja pale mapokezi, kanga mbili, moja kichwani moja kiunoni, viatu havifanani. Mume wake alikuwa ameanguka kazini alfajiri, hakuamka. Mazishi ni kesho yake alasiri. Ndugu za marehemu, wanaume wawili, wanavunja mawe kule machimboni. Lori la kwenda huko lilishaondoka, lingine mpaka karibu na sikukuu. Hata mtu wa gari dogo wa kumpelekea habari hakumpata, barabara ilikuwa tope tupu.

"Ila wao redio yenu hawaikosi, dada yangu," aliniambia. "Ukisoma leo mchana, watashuka hata kwa miguu. Baba mkwe wangu amelala ndani, hasemi, anauliza tu wanangu wako wapi."

Nikamwacha ameketi kwenye benchi, chini ya utepe wa kumetameta tuliokuwa tumeubandika ukutani, nikaenda kwa mkurugenzi. Alikuwa anapima kofia nyekundu ya Krismasi mbele ya kioo cha simu. Nikamweleza. Alinisikiliza, siwezi kumsingizia, hata kofia aliivua.

"Pole yake," alisema. "Lakini wiki hii watu wa utafiti wako mtaani. Wanapita mlango kwa mlango wakiuliza watu wanasikiliza nini. Nikikuruhusu mmoja, kesho watakuja kumi. Tumpe wimbo. Tumtumie wimbo wa faraja, bila kutaja kifo."

Nilimwangalia nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Wimbo wa faraja, katika zile tulizokuwa nazo, ungekuwa ule wenye kengele chache zaidi.

Nikarudi mapokezi nikamwambia yule mama aende nyumbani, tangazo litasomwa. Nilijua unga wangu unaweza kumwagika, na nyumbani nina watu wa kulisha, lakini uso wa yule mama ulikuwa umeshaniingia. Fundi mitambo nikamwambia ukweli. Akachomoa pamba moja sikioni, akasema yeye leo tumbo linamsumbua, huenda akakaa chooni muda mrefu, na kitasa cha studio kinajulikana kwa kukwama kikifungwa kwa ndani.

Nikajifungia, nikapiga moyo konde, nikasoma. Jina la marehemu, jina la baba yake, kazi yake, mtaa, saa ya kuzikwa. Nikawaita ndugu zake kwa majina, wale wa machimboni, nikawaambia popote mlipo shukeni, mzee anawangoja. Sikuwa nimesoma kifo tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nimefika kwenye saa ya mazishi kompyuta ilipoona zamu yake imefika. Ikafungulia kengele, na watoto wakaanza kushangilia theluji juu ya marehemu wangu. Nikaiminya mpaka ikanyamaza, nikarudia tangazo lote tangu mwanzo. Kisha nikarudia tena. Mlango ulikuwa ukigongwa na mtu mwenye kofia nyekundu.

Hakunifukuza. Alisema yeye ni Mkristo na huu ni msimu wa kusameheana, kwa hiyo ananitoa tu kwenye kipaza sauti na kunipeleka mapokezi, nijifunze kuwasikiliza wateja. Binti wa mapokezi akapewa vitambulisho na mbuzi. Ana sauti nzuri, sina neno naye.

Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda mazishini. Sijui nilifuata nini. Nadhani nilitaka kuwaona wale ndugu wakitokea, niseme moyoni kwamba angalau hilo nimeliweza. Tulikaa. Watu walikuwa wakiangalia njia ya kutoka mlimani, na kila pikipiki ikilia wanawake wananyamaza kidogo. Baba wa marehemu aliletwa akakalishwa kwenye kiti, blanketi magotini kwenye joto lile, na yeye hakuangalia jeneza, aliangalia njia. Walisogeza saa mara moja, wakasogeza tena, mpaka wingu la mvua likatanda na mchungaji akasema sasa haiwezekani. Wakazika. Yule mjane alinishika mkono akaniambia nisijali, nilifanya nilichoweza, labda barabara ilikuwa mbaya. Yeye ndiye aliyefiwa na yeye ndiye akanibembeleza. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Majibu ya utafiti yalikuja siku chache kabla ya sikukuu. Na hapa itabidi niwe mkweli, ingawa inaniuma: wasikilizaji walikuwa wameongezeka. Siyo chumvi ya mkurugenzi, wameongezeka kweli. Maduka makubwa, saluni za mjini, benki, hoteli, kote walifungulia redio yetu na kuiacha hivyo hivyo kama taa ya barazani. Mtu akiulizwa redio gani inalia hapa, anasikiliza kidogo, anasema aa, ni ile ya Krismasi. Biashara zikaja. Mkurugenzi akabandika grafu mlangoni, mstari unapanda kama mtu anayekimbia mbwa. Kwa anayeuliza kama redio inafaidika na nyimbo za Krismasi, jibu lilikuwa limebandikwa hapo kwa gundi. Akanunua keki, wakaingia wote chumba cha mikutano kumpigia makofi. Mimi nikaambiwa nibaki mapokezi, simu isije ikalia.

Haikulia. Ila aliingia mwanaume mmoja, vumbi la mawe mpaka kwenye kope, mkononi ana mfuko wa sukari. Alisimama mlangoni akifuta miguu kwa muda mrefu, kama anaogopa kuchafua.

"Samahani, dada. Aliyekuwa anasoma vifo yupo?"

"Ni mimi."

Akaniangalia kidogo. Akaniambia yeye ni mdogo wa yule aliyezikwa. Alikuwa ameshuka na lori asubuhi hiyo, akapitia dukani kuwabebea sukari, akaenda kwa kaka yake kuwasalimu kwa ajili ya sikukuu. Akakuta kaka yake yuko nyuma ya nyumba, kaburi limeshaanza kutitia kwa mvua.

"Nilisoma," nilimwambia. Nilikuwa namwambia haraka haraka kama mtoto anayejitetea. "Nilisoma mara tatu, niliwaita kwa majina yenu."

"Shemeji ameniambia. Tunakushukuru sana, dada."

"Hamkusikia?"

"Kule tulizima redio zamani." Alisema bila ubaya wowote. "Si kwamba tuna neno na Krismasi, hata sisi tunasali. Lakini sisi tulikuwa tunawasha tujue nani katutoka. Mlipoacha kusema, tukakaa wiki, tukakaa wiki ya pili, hakuna kifo. Mwisho tukaona betri zinakwisha bure. Wengine wakawa wanatania kwamba huku mjini siku hizi hamfi."

Nyuma ya mlango wa mkutano makofi yakapigwa, na mtu akaanzisha wimbo. Nilitaka kumwambia pole, nikaona neno lenyewe dogo.

"Nimekuja na jambo moja tu," alisema. "Kuna lori linapanda jioni, nataka niwape jibu wenzangu. Baba tangu mazishi hagusi chakula, na mimi na kaka yangu aliyebaki kule machimboni tusipokwenda kazini hakuna wa kumnunulia dawa. Mtaanza tena kusoma lini, ili tujue siku ya kuwasha redio?"

Nikamwambia amri tuliyopewa, kwamba ni Januari.

Akaitafakari. Aliangalia ile grafu mlangoni, mstari unaopanda, nadhani hakujua ni kitu gani. Kisha akauhamishia mfuko wa sukari mkono wa pili.

"Haya," alisema. "Basi nitamwambia mzee ajikaze mpaka Januari."