Mpaka wa Diski

Celestine Bosibori alitunza kompyuta kuu ya Umoja wa Hospitali za Milimani, chama cha hospitali ndogo ndogo zilizotapakaa kati ya Kisii na Nyamira. Kompyuta hiyo ilikuwa mjini Kisii, juu ya duka la vitambaa, katika chumba cha baridi chenye mlango wa chuma. Ukubwa wake ulikuwa kama wa kabati la nguo. Umoja uliinunua ikiwa imetumika, na kazi yake hasa ilikuwa kujigawa ndani kwa ndani iwe kompyuta nyingi, zile wanazoita mashine pepe. Moja ilishika majina ya wagonjwa, nyingine majibu ya maabara, nyingine dawa. Kila moja ilijiona ina kumbukumbu yake, printa yake, diski yake, hata kisomaji cha kadi za karatasi ambazo pale ofisini hapakuwa na mtu aliyewahi kuziona. Lakini vyote hivyo vilikuwa mistari ya maandishi katika faili moja. Celestine akiandika mstari, kifaa kinakuwepo. Akiufuta, hakipo.

Jumanne moja wauguzi walikuwa wamekusanyika Nyamira kujifunza mfumo mpya wa maabara, na walihitaji mashine ya kufanyia mazoezi. Meneja wa Umoja, Bwana Anyona, alikuwa amewaahidi kuwa itakuwa tayari asubuhi.

Celestine aliiandika haraka. Akaipa jina MAFUNZO, akaipa kumbukumbu, printa na kisomaji. Ilipofika zamu ya diski, aliikatia kipande katika diski kubwa ambayo tayari ilikuwa na vipande vya mashine nyingine: kianzie silinda hii, yaani duara hili la diski, kiendelee silinda kadhaa. Hapo ndipo palipohitaji uangalifu. Kompyuta ile haikuuliza kama kipande kimeingia katika eneo la jirani. Ilichukua kilichoandikwa. Kulikuwa na programu ya kuchora ramani ya diski na kuonyesha mipaka iliyopandana, na kwa kawaida Celestine hakuwasha mashine mpya kabla ya kuitazama ramani hiyo. Lakini simu ya Nyamira ililia mara ya pili, kisha ya tatu.

"Osman, washa MAFUNZO," alimwambia mwenzake. "Itayarishe diski, uijaze majibu ya mfano."

Osman Abdirahman alikuwa mwenyeji wa Kisii kwa kuzaliwa. Baba yake alikuwa na duka la viatu karibu na soko, na Osman alizungumza Ekegusii, lugha ya hapo, vizuri kuliko Kisomali. Alifanya kama alivyoambiwa. Ili wanafunzi wasibishane, kila mgonjwa wa mfano alimwekea kundi moja la damu, AB chanya. Kisha wauguzi wa Nyamira wakaanza kazi, na ofisi ikatulia.

Kabla ya chakula cha mchana alipiga simu Orpah, fundi wa maabara kule Nyamache.

"Bwakire buya, Celestine. Leo wagonjwa wangu wote wamekuwa AB?"

"Wote kivipi?"

"Nimefungua rekodi za wanne. Mmoja ni mama aliyejifungua asubuhi, anavuja damu. Huyo nilimpima mwenyewe alipokuja kliniki, ni B. Skrini inasema AB chanya. Nimempima upya, ni B. Sasa nauliza, ni mimi au ni nyinyi?"

"Ni sisi," Celestine alisema. "Usiamini kitu kwenye skrini. Pima kila mtu upya."

Aliweka simu chini, akaita ramani ya diski. Kosa lilikuwa pale, halikuhitaji darubini. Kipande cha MAFUNZO kilikuwa kimeanza kabla ya kipande cha maabara kuisha. Silinda za mwisho za majibu ya kweli zilikuwa zimeandikwa juu yake majibu ya mfano. Na kwa kuwa faili za mazoezi zilinakili mpangilio wa faili za maabara, mashine ya maabara ilizisoma bila kulalamika. Majina ya wagonjwa yalikaa kwingine, kwa hiyo yalibaki sahihi. Ungefungua mgonjwa, ukaona jina lake, umri wake, kijiji chake, na damu isiyo yake.

Osman alikuja kusimama nyuma yake. Alitazama ramani kwa muda.

"Mimi ndiye niliyeandika juu ya majibu ya watu," alisema.

"Mstari ni wangu. Izime MAFUNZO, uitenge diski yake. Kisha zima maabara."

Bwana Anyona, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliingia. "Maabara msizime. Ni saa za kazi. Hospitali zote zitabaki gizani."

"Ziko gizani tayari, Bwana Anyona, ila hazijui."

"Ndiyo, lakini tujue kwanza ni wagonjwa wangapi. Tukipiga simu kila mahali na kumbe ni wachache, hakuna atakayetuamini tena. Nipe muda niongee na mwenyekiti."

Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyezunguka miaka akizibembeleza hospitali hizo ziingie katika Umoja, na bado zilikuwepo zilizosubiri sababu ya kutoka. Celestine alilijua hilo. Alijua pia kwamba mtu wa AB chanya hupokea damu ya kundi lolote, na kwamba mhudumu mwenye haraka, akiona AB kwenye skrini, huchukua pakiti yoyote iliyo karibu.

"Ongea na mwenyekiti," alisema. "Mimi napiga simu."

Osman alikuwa ameshazima maabara. Waligawana hospitali, na Celestine akaanza na zile zenye chumba cha upasuaji. Ya pili ilikuwa Ikonge. Simu ilipokelewa na daktari aitwaye Makori, ambaye sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea upesi.

"Nina mgonjwa, nitakupigia."

"Daktari, mgonjwa wako anaongezewa damu?"

"Ndiyo. Mashine ya kuchumia chai imemkata mguu. Tumetundika pakiti ya A. Yeye ni AB."

"Mmempima leo?"

"Iko kwenye mfumo."

"Mfumo umekosea. Tafadhali fungeni mrija. Mpime kwanza."

Alimsikia akimwita muuguzi kwa Ekegusii, akimwambia afunge mrija. Kisha simu ikakatika. Celestine aliendelea na hospitali iliyofuata, na iliyofuata, akirudia maneno yaleyale. Wengine walimshukuru, mmoja alimfokea. Walipomaliza orodha, Makori alipiga.

"Ni O," alisema. "Ilikuwa imeingia kidogo sana. Ametetemeka, homa imepanda, lakini anaongea. Tumempa O. Mnafanya nini huko, nyinyi watu?"

"Nitakuja kuwaeleza mwenyewe," Celestine alisema.

Mchana wote yeye na Osman walirudisha nakala ya usiku uliotangulia. Walitenga diski tupu kabisa, wakaichunguza ramani wote wawili, wakairudisha nakala humo, kisha wakalinganisha na majibu yaliyosalia kabla ya kuiwasha maabara. Majibu ya asubuhi hiyo yaliingizwa upya na hospitali zenyewe. Katika taarifa ya kupelekwa kwa hospitali, Anyona alikuwa ameandika "hitilafu ya kimitambo". Celestine alimwomba aifute, aandike kwamba mpaka wa diski ulikosewa na ramani haikutazamwa.

"Watauliza ni nani," Anyona alisema.

"Waambie."

Anyona aliandika. Hospitali moja ilijitoa. Celestine alipewa onyo, na kazi ya kuwasha mashine mpya ikawa haifanyiki tena mpaka watu wawili wameitazama ramani.

Wiki iliyofuata alikwenda Ikonge kuwaeleza wahudumu kilichotokea. Katika wodi ya wanaume alimkuta yule mgonjwa, Ogeto, amelala, mguu umefungwa. Mkewe Joyline alikuwa ameketi kando yake na chupa ya chai.

"Daktari amesema kuna mtu wa kompyuta alipiga simu," Joyline alisema. "Ni wewe? Mungu akubariki."

Celestine angeweza kuitikia na kuondoka. "Ni mimi niliyepiga," alisema. "Na ni mimi niliyeikosea, ndiyo maana kompyuta ikasema mumeo ana damu isiyo yake."

Joyline alimtazama, kisha akamtazama mumewe.

"Angekufa?"

"Angeweza kufa."

Muuguzi alipita na kigari cha dawa.

"Na hiyo mashine mmeitengeneza?"

"Tumeitengeneza."

"Kuna binti yangu anajifungua mwezi ujao, hapahapa," Joyline alisema. Hakutabasamu. "Nitamwambia aombe wampime kwanza."

"Mwambie hivyo," Celestine alisema. "Hata skrini ikisema nini."

Joyline alisogea kidogo kwenye benchi, akamimina chai katika kifuniko cha chupa, akampa. Celestine aliketi akanywa, na Ogeto alipoamka walimweleza habari yote tangu mwanzo.