Nguzo ya Tatu Inatoa Damu

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya maji: ati daraja linatoa damu. Wengine walicheka wakajitwika ndoo zao, lakini mama mmoja, mfagiaji wa daraja hilo, hakucheka. Kitinda mimba wake alikuwa dereva wa basi la shule, na kila asubuhi alivuka daraja hilo na watoto thelathini.

"Mama, lile ni zege, si mbuzi," binti alisema akifunga kamba za viatu. "Hiyo damu itoke wapi?"

"Cheka tu, mwanangu. Mimi naenda kuangalia."

"Miaka tisa unalifagia, leo ndiyo unaliangalia?"

Neno hilo lilimchoma. Kweli, juu ya daraja alijua kila kokoto. Chini hakuwahi kukanyaga. Akajifunga kibwebwe, akashuka mtoni.

Damu akaiona: michirizi myekundu ikishuka kwenye nguzo ya tatu. Aliigusa, akanusa kidole. Kutu. Juu yake zege lilikuwa limebanduka kama gamba la kidonda, na nondo zilichungulia nje, zimeliwa hadi kuwa nyembamba kama penseli. Pembeni kulikuwa na ufa uliozibwa kwa plasta, nao ulikuwa umefumuka upya.

Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa barabara, akamweleza aliyoyaona.

"Ule ufa tuliupiga plasta mwaka jana," msimamizi alisema bila kuinua macho. "Ama ufagio umekuchosha, sasa unataka uinjinia?"

"Ufagio haujanichosha. Mwite mkaguzi. Nakaa hapa mpaka aje."

Akaketi mlangoni, ufagio mapajani. Kila aliyeingia ofisini ilibidi amruke. Kufika adhuhuri msimamizi alikuwa amepiga simu mara tatu.

Mkaguzi alikuja kesho yake, mwanamke mfupi mwenye nyundo ndogo. Aligonga nguzo huku ametega sikio. Palipokuwa pazima zege liliita kwa sauti kali. Palipooza lilijibu kama mtungi mtupu. Kisha akapanda juu, akatembea ukingoni akitafuta kitu.

"Matundu ya kutolea maji yako wapi?"

Msimamizi akawahi kudakia, "Mvua za mwaka jana, mheshimiwa, zilileta mchanga mwingi mno, ukayaziba."

Mama mfagiaji aliutazama ufagio wake. Wafagiaji wote walikuwa na mtindo mmoja: usihangaike na koleo, sukuma mchanga kwenye tundu la karibu, kazi iishe mapema. Na aliyewafundisha mtindo huo ni yeye. Akisema, huenda kibarua kikaota nyasi. Asiposema, watakarabati nguzo, na matundu yatazibwa tena. Akaliona basi la binti yake likikaribia.

"Si mvua," alisema. "Ni sisi. Mimi ndiye niliyeanza. Yako kumi na mawili, na yote tumeyaziba kwa ufagio."

Mkaguzi akamtazama, akatabasamu kidogo. "Sasa tunajua pa kuanzia, mama. Maji yakikosa njia yanalala juu, yanapenya kwenye nyufa, yanakula nondo polepole. Nguzo tutaitengeneza. Matundu ni yako."

Siku hiyohiyo daraja lilifungwa kwa magari yote. Kwa miezi miwili binti alizungukia njia ya mbali, akinung'unika kuamka alfajiri, na mama akimjibu, "Nung'unika, lakini uwe hai." Yeye mwenyewe alizibua matundu kwa kipande cha nondo, moja baada ya jingine.

Mvua ya kwanza baada ya daraja kufunguliwa, alisimama ukingoni akahesabu. Maji yaliruka mtoni kutoka matundu yote kumi na mawili. Basi likapita, honi ikapigwa mara mbili.

Kwenye mlango wa stoo ya mafagio akabandika karatasi:

Usisukume mchanga kwenye tundu. Chota kwa koleo, hata kama umechoka.

Usipige plasta juu ya ufa ambao mkaguzi hajauona.

Usidharau michirizi ya kutu.

Usipite juu miaka tisa bila kushuka chini.

Usinyamaze kwa sababu kosa ni lako.