Kiti Kilikuwa na Joto

"Kukisafisha ndiyo kazi yako. Kukitumia si kazi yako," Castory alisema, akichezesha funguo za vyoo kidoleni.

Hosiana, mfagizi, alimjibu kwamba hakuiba kitu, alibanwa. Castory, msimamizi wa kampuni ya usafi, akarudia kwa sauti ya kusikika ghorofa nzima: mhasibu Raya ameingia choo cha ofisi, amekuta kiti kina joto. Kichefuchefu kimemshika.

Choo cha wafagizi kilikuwa cha shimo, nyuma ya jengo. Masika yalipokibomoa, uongozi uliahidi kuchimba kingine. Hakuna aliyeshika jembe. Wafagizi walivuka barabara kuomba kwa majirani, hadi watu wa mtaa huo, Kihonda, wakachoka na kuanza kufunga milango. Chausiku, mfagizi mwenzake Hosiana, akaacha kunywa maji kazini. Sasa amelazwa, anakojoa damu. Hosiana alikuwa na mimba kubwa, na mtoto alikilalia kibofu.

"Huko kwenu Burundi si mnajisaidia porini?" Castory alisema. "Hapa pori limekushinda nini?"

"Mimi nimezaliwa Kasulu, hapa hapa nchini, kaka."

"Hayo utawaeleza Uhamiaji."

Ofisini mtu akacheka. Raya akatoka, leso puani. Hosiana alimzidi msichana huyo miaka mingi, lakini kila asubuhi Hosiana ndiye aliyetangulia kumsalimia. Raya akasema yeye hana ugomvi na mtu, anataka kuombwa radhi tu. Castory akaongeza lake: Hosiana apige magoti, hapo hapo koridoni, wote waone. Asipopiga, kesho asije.

Hosiana akamfikiria Evance, mumewe, aliyerudishwa nyumbani na kiwanda tangu mashine imsage mkono. Nyumbani hakuna mwingine mwenye kazi.

"Nitapiga," alisema. "Naomba nikajisaidie kwanza. Nimebanwa tena."

Castory akamtazama Raya. Raya akatazama simu yake.

"Magoti kwanza," Castory akasema.

Hosiana akashika ukuta, akaanza kushuka. Tumbo lilimzuia. Goti moja likagusa vigae alivyovipiga deki muda mfupi uliopita, na maumivu ya kibofu yakampanda hadi mgongoni. Akiwa pale chini akaelewa kitu ambacho hakuna aliyemwambia: goti hili ni la leo. Kesho atabanwa tena, na choo kitakuwa kimefungwa, na Castory atakuwa na funguo.

Akainuka. Akatanua miguu, akamkazia Raya macho, akaacha kujizuia.

Mkojo ulitoka mwingi. Ulilowesha sketi ya sare, ukaingia kwenye viatu vyake, ukatambaa juu ya vigae kuelekea mlango wa uhasibu. Raya akarudi nyuma, akagonga meza. Hakuna aliyecheka sasa.

Hosiana akavua koti la kampuni, akalitundika kwenye kitasa cha choo, akashika ngazi kwenda chini. Viatu vyake vililia maji kila hatua.

Castory alisimama akilitazama dimbwi. Kisha, kwa mazoea tu, akainua sauti:

"Hosiana, lete dekio."